Wafuasi wa Dar, Wateja wa Nkuhungu

Kazi yangu ni kushika peji za watu. Wenye biashara hapa Dodoma wananikabidhi akaunti zao, nami napiga picha, naandika, naposti, najibu wanaouliza. Ndugu zangu kijijini wameshindwa kuielewa kazi hii, na yupo shangazi anayeamini mpaka leo kwamba nimeajiriwa serikalini ila ninaficha nisije nikaombwa hela. Simlaumu. Mtu anaishi Dodoma, anatembea na kompyuta begani, atadhaniwa nini kingine?

Nimeshika peji ya fundi samani, ya mama wa chakula, ya mkulima wa zabibu, ya gesti, na kwa muda mfupi ulionitosha kabisa, ya dalali. Kitu kimoja nimekiona kwa wote hao: mfuasi na mteja ni watu wawili, na mara nyingi hawajuani. Mfuasi yuko Sinza, Dar, anakulaiki akiwa kwenye foleni. Mteja yuko Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Halaiki, hakomenti, hata jina lake hulijui, ila namba yako ameisevu, na siku chaga za kitanda chake zikivunjika atakupigia wewe. Wenye biashara wanachelewa kulikubali hili kwa sababu idadi ya wafuasi imeandikwa pale juu, kila mtu anaiona, na waliokusevu hawaonekani popote.

Nilianzia kwenye blogu, kama wengi wa rika langu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, na sisi tuliofika miaka michache baadaye tulikuta majengo makubwa juu ya kilima na jioni ndefu zisizo na pa kwenda. Tulikuwa tunaisoma Blogu ya Michuzi, iliyoanza 2005, na kila mwenye kamera ndogo alijiona Michuzi wa mtaani kwao. Yangu ilikuwa ya bure, ya Blogger, ina rangi tatu zisizopatana. Niliandika siasa, niliandika mpira, niliandika malalamiko ya maji hosteli. Posti iliyosomwa kuliko zote ikawa ile niliyoiandika kwa kuboreka tu, inayoeleza vyumba vya kupanga vilivyo jirani na chuo, kodi zake, mwenye nyumba gani anataka miezi sita na nani anakubali mitatu. Siasa ilisomwa siku mbili ikafa. Vyumba viliendelea kusomwa mwaka baada ya mwaka, kila muhula ulipofunguliwa, na watu waliotafuta Google bila kujua mimi ni nani.

Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni. Ada ya maombi laki moja, ya leseni milioni moja, ya mwaka milioni moja: jumla milioni 2.1. Blogu yangu haikuwahi kulipa hata bando lake yenyewe. Nikaifunga, kama walivyofanya wengi, na tukahamia Facebook na Instagram. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati ule, kwa hiyo anayetaka kuanzisha blogu leo asome zinazotumika sasa, asinitegemee mimi.

Mji nao ulikuwa unajaa. Serikali ilitangaza kuhamia rasmi mwaka 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Watumishi walishuka na mabegi na barua za uhamisho, wanahitaji kitanda, kabati, pazia, chakula cha mchana, kiwanja, fundi bomba. Mwenyeji akitaka fundi anamuuliza jirani. Hawa hawakuwa na jirani, wakauliza simu. Nadhani hapo ndipo biashara za hapa zilipoingia mtandaoni kwa wingi. Semina zilikuwepo, ila wateja wapya ndio waliosukuma, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kumjua mtu.

Fundi wangu wa samani ana karakana Chang'ombe, ile ya hapa Dodoma. Nilipoikuta peji yake ilikuwa imejaa makochi ya Kituruki, meza za vioo, vitanda vyenye taa chini ya godoro, vyote vimechukuliwa mtandaoni. Laiki zilikuwa nyingi. Simu zilikuwa chache, na zilizokuja zilikuwa za ugomvi, kwa sababu mteja aliyeoneshwa kochi la Istanbul na akaletewa kochi la Chang'ombe haoni kwamba ametengenezewa kitu kizuri, anaona ametapeliwa. Na kochi la Chang'ombe lilikuwa zuri kweli! Mninga mkavu, misumari michache, vishikio vimepigwa msasa mpaka vinateleza.

Tukaanza upya. Nilikuwa nafika saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla upepo haujaanza. Anayeijua Dodoma ya Julai anajua nasema nini: ukipuliza vumbi kwenye kabati saa tano, saa tano na dakika moja limerudi. Msaidizi wake alikuwa anasimama na kitambaa chenye maji, anafuta, anaruka pembeni, napiga, anafuta tena. Nilimwambia fundi asimame kwenye picha, ameshika randa, na lile bati la kutu la karakana lionekane nyuma yake.

"Dada, si tutaonekana masikini?"

"Tutaonekana tupo."

Alinitazama, akavaa shati. Laiki zilipungua kweli, picha ya bati haina mvuto kwa mtu wa mbali. Lakini mtu wa Area D akaangalia akaona mti, akaona kona, akaona barabara anayopita kila siku, akasema hapa napajua. Alikuja na miguu yake. Hakututumia meseji hata moja.

Vita yetu kubwa ilikuwa bei. Fundi alikuwa muumini wa "bei njoo inboksi", na alikuwa na sababu zake ambazo sizidharau. Washindani wataona. Mbao zinapanda. Na sababu ya tatu, ambayo aliisema kwa sauti ya chini, ni kwamba bei inategemea nani anauliza: mwenye gari la serikali na mwalimu wa shule ya msingi hawaulizwi kiasi kimoja. Hii ni kawaida ya soko, hata pale Majengo ukienda kununua nyanya umevaa tai utaijua. Tatizo ni kwamba sokoni unamwona mtu. Mtandaoni unaona "Bei?" na picha ya ua. Utampangia bei kwa kutumia ua?

Halafu kuna kazi ya kujibu. Anayeuliza bei saa nne usiku ameuliza mafundi wanne kwa mpigo, na wa kwanza kumjibu ndiye atakayeongea naye. Fundi anajibu kesho saa mbili, mikono ina gundi, anaandika "karibu sana bei maelewano". Yule ameshatuma kianzio kwingine. Tulipoanza kuandika kwenye picha yenyewe, kitanda futi tano kwa sita, mninga, kuanzia laki sita, siku kumi na nne, kufikishiwa ndani ya jiji bure, meseji zilipungua sana na fundi akashtuka. Nilimwomba ahesabu waliolipa, asihesabu waliouliza. Waliolipa waliongezeka. Waliopotea walikuwa wale ambao baada ya kuambiwa laki sita wangesema "sawa nitakucheki".

Kuhusu matangazo ya kulipia nitasema kidogo tu. Ukibonyeza kitufe cha kukuza posti, Facebook na Instagram wanakuuliza tangazo liende wapi, na ukiacha Tanzania nzima, litaenda waliko watu wengi wenye bando, yaani Dar. Fundi alikuwa amelipia kabla sijaja na akapata maulizo ya Mbagala, Mwanza na hata Mombasa, watu waliotaka kabati la milango mitatu kutoka Dodoma. Nauli ya kabati hilo ni kabati jingine. Chagua mji, weka duara la kilomita chache. Malipo yanataka kadi, na asiye na akaunti ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu kupitia M-Pesa. Basi.

Aliyenifundisha kazi hii zaidi hajui Instagram ikoje. Ni mama anayepika Mtumba, jirani na Mji wa Serikali, anapeleka chakula maofisini. Tunamwita Mama Nai. Simu yake ina mpasuko kutoka kona hadi kona, na daftari lake la oda limefungwa kwa mpira wa nywele.

Alianza na grupu la WhatsApp. Kila asubuhi saa nne alikuwa anaandika: leo kuna wali maharage, ugali wa mtama na mlenda, makande, samaki wa Mtera. Watu wanajibu, anaandika kwenye daftari, saa saba bodaboda inaondoka. Ilikwenda vizuri mpaka grupu lilipojaa. Likawa kama daladala ya Jumamosi: mmoja anatangaza kiwanja, mwingine anatuma maua ya "Jumatatu njema yenye baraka", wa tatu anachangisha msiba, na katikati mtu kaandika "makande 2 ofisi ya juu" na Mama Nai hakuiona. Saa saba ofisi ya juu wakapiga simu wana njaa. Wanachama nao walianza kulizima grupu lisipige kelele, kwa hiyo hata menyu hawakuiona tena.

Nilimwonesha orodha ya kutuma kwa wengi, ile ambayo ujumbe mmoja unamfikia kila mtu peke yake, naye akijibu anakujibu wewe tu. Orodha moja inachukua hadi watu 256, inamtosha. Ila ina sharti ambalo wengi hawalijui: ujumbe unamfikia tu mtu aliyesevu namba yako. Asiyekusevu hapati kitu, na wewe huambiwi kwamba hakupata. Status nayo iko hivyohivyo: anaiona mliyeseviana, yeye ana namba yako nawe una yake. Unaweza kuposti pilau la kutoa machozi na likaonekana na dada zako watatu.

Nilipomweleza alikaa kimya kidogo akikoroga maharage, kisha akasema, "Kumbe kazi ni kuseviwa." Kesho yake alinunua kalamu ya maandishi ya kudumu. Kila kifuniko cha kontena kikawa na namba yake na maneno SEVU MAMA NAI CHAKULA. Akimpelekea mtu mpya anasimama mlangoni, anasema, "Baba, nisevu nikiwa hapahapa nakuona." Watumishi wenye vyeo walikuwa wanatoa simu mfukoni wanasevu kama watoto wa shule. Sijaona kampeni ya mtandaoni iliyozidi ile, na haikufanyika mtandaoni.

Ujanja wake mwingine ni saa. Menyu ikitoka saa mbili watu wako kwenye vikao vya asubuhi na chai, hawafikirii mchana. Ikitoka saa sita wengine wameshaagiza. Saa nne na nusu ndiyo ilikuwa inaleta oda, na aliigundua kwa kuangalia daftari tu, bila takwimu zozote za programu. Hata picha hatumi kila siku. "Wanajua wali ukoje," anasema. Anatuma picha siku kuna kitu kigeni, na siku hiyo kinaisha mapema.

Daftari lilimwokoa zaidi ya mara moja. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwetu ilikuwa jioni mpaka usiku, na kwa wanaouza chakula cha jioni ilikuwa hasara kamili. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wafanyabiashara ninaowajua ambao wateja wao wote walikuwa ndani ya programu hawakuwa na hata njia ya kuwaambia "tupo, subirini". Mama Nai ana namba zote kwa wino. Tangu hapo kila ninayemshikia peji namlazimisha kuwa na daftari, na wananiona mshamba.

Kwa mkulima wa zabibu mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mteja wake kweli yuko Dar. Shamba lake liko upande wa Hombolo. Zabibu hapa zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiiva zinaiva kwa wote kwa wakati mmoja, bei inaporomoka, na tunda lenyewe halingoji mtu. Zamani alimtegemea mnunuzi wa jumla anayefika na gari na kupanga bei akiwa amekaa ndani ya gari. Alipoanza kuuza kwa WhatsApp alipata wenye juisi, wenye maduka ya matunda, na akina mama wa vikoba wanaoagiza pamoja.

Hapa picha siyo tatizo, zabibu hujiuza yenyewe. Tatizo ni imani. Mtu wa Dar anatuma hela kwa mtu asiyemjua, mzigo unasafiri usiku. Tulichokifanya ni kuonesha safari nzima. Video fupi ya kreti likipimwa, mizani ionekane. Picha ya kreti likiwa limefungwa na jina la mteja limeandikwa juu yake. Kisha pale Stendi Kuu ya Nanenane, picha ya risiti ya mzigo, namba ya basi, na namba ya kondakta. Mteja anaamka, anaikuta safari yote kwenye simu, anajua asubuhi aende Mbezi saa ngapi. Akipokea tunamwomba atume picha akiwa ameshika kreti, asipopenda tunaacha. Picha hizo za wateja, mara nyingi zimepigwa vibaya, kidole kimeziba nusu, zimeuza kuliko zangu zote.

Na ni kwake nilikoirudia ile akili ya vyumba vya kupanga. Ana tovuti ya kurasa chache, na kwenye ukurasa mmoja nimeandika maswali yote ambayo watu humuuliza kwenye simu: zabibu inavunwa lini, kreti lina kilo ngapi, nyeusi na nyeupe zinatofautianaje kwa ladha, inakaa siku ngapi bila jokofu, ukitaka ya kutengenezea juisi uombe ipi. Hakuna mapambo. Status inakufa baada ya saa 24, posti ya Instagram inazama baada ya siku chache, na huo ukurasa bado unaleta simu hata msimu ukiwa umeisha. Wanaopiga wanaambiwa subirini, na majina yao yanaingia kwenye daftari la msimu ujao. Vijana wengi siku hizi wananiambia blogu zimekufa. Ya umbea labda. Mtu anayetaka kujua kitu bado anaandika swali lake kwenye Google, na jibu lake haliwezi kuwa video ya kucheza muziki. Isitoshe, kiungo ukikiweka kwenye maelezo ya picha ya Instagram hakibonyezeki, kwa hiyo hata mwenye hamu anakwama hapo.

Gesti sitaitaja wala mtaa wake. Wao biashara yao inakwenda na kalenda: Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni vyumba vinagombaniwa, Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni, chuo kikifunguliwa wazazi wanakuja na watoto. Kwa hiyo tangazo la Bunge unaliweka Machi, Aprili umechelewa. Hilo walilijua. Wasichokijua kilikuwa namna ya kusemwa vibaya hadharani. Kabla yangu, mgeni mmoja aliandika kwamba maji yalikatika na alioga kwa ndoo. Meneja alifuta komenti. Mgeni akaandika tena, ikafutwa tena, akafungiwa. Basi jamaa alikuwa na skrinshoti zote, akazipeleka kwenye grupu kubwa la wapangaji wa Dodoma, na kutoka "maji yalikatika" habari ikawa "gesti inayofungia wateja". Watu walicheka wiki nzima.

Ilipotokea tena mimi nikiwepo, tulijibu palepale chini yake: ni kweli, Jumanne na Jumatano maji hayakuwepo, pole sana, tumeongeza tangi na tungependa kukurudishia sehemu ya malipo. Hakujibu. Lakini wiki hiyohiyo alipiga mtu akasema ameona tangi limeongezwa, anataka vyumba vitatu. Wanaosoma komenti ni wengi kuliko wanaoandika, na wao ndio tulikuwa tunawajibu.

Hapo gesti pia ndipo nilipoyaondoa majibu ya mashine. Yaliwekwa na mtu kabla yangu: ukiandika chochote unajibiwa "Asante kwa kuwasiliana nasi, andika 1 kwa vyumba, 2 kwa ukumbi". Mzee mmoja aliandika, "Habari za kazi? Mnaendeleaje hapo?" Mashine ikampa namba zake. Akaandika, "Mwanangu, nimekusalimia." Mashine ikampa namba tena. Mazungumzo yakaishia hapo, nami niliyakuta siku mbili baadaye. Niliandika shikamoo, nikaomba radhi. Alikuwa anatafuta ukumbi wa kikao cha harusi. Mteja wa hapa hawezi kuanza na bei kabla ya salamu, na asiyesalimiwa anajua amedharauliwa. Nimeacha jibu moja tu la mashine, la usiku: "Salama jamani, tumelala, asubuhi saa moja tutakujibu." Watu wanalicheka na wanasubiri.

Dalali nilimaliza naye haraka. Kila picha aliyonipa ilikuwa ya nyumba iliyokwisha pangishwa. Nilipomwambia tuzitoe, alinijibu, "Hizo ndizo zinaleta watu, mdogo wangu." Wakija wanalipia kuoneshwa, wanaoneshwa nyingine mbovu zaidi. Tukaagana vizuri.

Kuna mambo mawili ya hatari ambayo siachi kuyasema kwa kila ninayeanza naye. La kwanza ni pesa. Mteja anakutumia picha ya muamala, au meseji inayofanana kabisa na ya mtandao wako, na anataka mzigo uondoke sasa hivi, basi linangoja. Haraka yenyewe ni dalili. Angalia salio lako, usiangalie meseji. Upande wa mnunuzi vilevile: wapo wanaochukua picha za peji halali, wanafungua peji yenye jina lilelile likiwa limeongezwa herufi moja, na kuweka namba yao. Peji ya fundi wangu ilinakiliwa hivyo, na mama mmoja wa Kisasa alikaribia kutuma kianzio. Kilichomwokoa ni jina lililotokea kwenye simu kabla hajathibitisha, ambalo halikuwa la fundi. Akampigia mwenyewe, kwa sababu alikuwa amemsevu. Siku hizi kila picha ya karakana ina lipa namba na jina litakalotokea.

La pili ni picha za watu. Mpambaji mmoja aliniomba niposti bibi harusi aliyempamba, sura yote, bila kumuuliza mwenyewe. Nilikataa mpaka niione ruhusa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tume inayoisimamia makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Hata bila sheria, kuna mashangazi. Bibi harusi alipoulizwa alikubali picha ya mikono na hina tu, na ile ya mikono ilipendwa sana.

Wanaoniuliza natoza kiasi gani, naandika hapahapa. Biashara ndogo ni laki moja na nusu kwa mwezi: posti tatu kwa wiki, kujibu meseji kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, picha napiga mwenyewe nikija kwako mara mbili kwa mwezi. Bando ni langu. Nauli ya nje ya jiji ni yako. Tangazo la kulipia ni hela yako na risiti utaiona. Nywila unabaki nayo wewe, mimi unanipa nafasi ya msimamizi tu, ili tukigombana uniondoe bila kuniomba. Peji za madalali sichukui.